Njia ya Kwenda Mashineni

Nilijenga chumba kisicho na mlango juu ya njia ya mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu majirani wote huanzia hapo wakinisimulia kwa wageni, na nikilisema mwenyewe angalau nitapunguza chumvi.

Mlango sikuusahau. Fundi aliniuliza, "Mura, mlango ukae upande gani?" Nikamjibu, mlango wa nini, kwani nani atalala humo? Akacheka, akaendelea kupandisha tofali. Alikuwa amejenga vyumba vya aina hiyo kijiji kizima na alijua vinavyotakiwa: udongo mwingi, saruji ya kuonekana kwa mbele tu, bati kuukuu juu, na mawe ya kulizuia lisipeperuke. Huku kwetu Nyamongo tunaita tegesha. Mtu akisikia kwamba eneo litachukuliwa kwa ajili ya mgodi, anajenga haraka chumba ambacho hata mbuzi hawezi kukipenda, ili watathmini wakipita wakiandike, naye alipwe fidia ya nyumba. Siyo siri. Kuna watu wamesomesha watoto kwa tegesha, na kuna wengine, kama mimi, wameishia kuzifahamu akili zao.

Ilianza kwa vijana waliovaa vizibao vya kung'aa, walioonekana upande wa Kerende na kile chombo chao cha miguu mitatu, wanachungulia na kupaka mawe rangi nyekundu. Kwetu mtu akimwona mwenye chombo cha miguu mitatu hamuulizi anapima nini. Anauliza bei ya tofali. Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kujiamini, maana nilisoma mpaka kidato cha nne, na Jiografia ndilo somo pekee lililokipa cheti changu heshima. Nikachora ramani kichwani, nikaona eneo litakalochukuliwa lazima lifike kwetu, nikawaonea huruma wasiosoma.

Nafasi tupu iliyobaki kwangu ilikuwa ule ukanda kati yangu na jirani mwenye mashine ya kusaga. Watu walipita hapo tangu sijazaliwa. Nikajiambia njia si nyumba, haina mwenyewe, haitalalamika. Nikaacha upenyo wa kupita mtu mwembamba akitembea kiubavu. Mama yangu si mwembamba.

Baada ya muda ikajulikana kwamba wale vijana hawakutoka mgodini. Walitoka halmashauri. Kijiji chetu kilikuwa kimekua, tukaambiwa sasa kinakuwa mji mdogo, na mji lazima uwe na mchoro: barabara, viwanja, maeneo ya wazi. Fidia haikuwepo. Kinyume chake, kila mtu alitakiwa amege kipande cha kiwanja chake ili njia zipatikane. Nikabaki na chumba changu, kimesimama kama jino bovu, na kila aliyepita aliniuliza nimepangisha kwa nani.

Hayo yangeishia kwenye utani kama jirani hangekuwa ameshachukua hatua. Huyu bwana alikuja kutoka upande wa Shinyanga kuchimba dhahabu. Dhahabu ilimkataa, akanunua mashine ya kusaga, na mashine ikamkubali. Ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Akikusalimia shambani utadhani anakufukuza. Alipoona nimejenga, naye akaogopa kiwanja chake kisije kikamegwa, akainua ukuta wa tofali za kuchoma kuanzia nilipoishia mimi, juu akapanda vipande vya chupa. Upenyo ukazibwa. Njia ikafa.

Nikamfuata. Kwangu mimi, kumfuata mtu kwake ni safari.

"Jirani, mbona umefunga njia?"

"Njia ipi?"

"Hii ya mama."

Akakitazama chumba changu, akamtazama fundi aliyekuwa anapiga lipu, akanitazama mimi. "Mimi nimemalizia tu. Wewe ndiye uliyeanza."

Mtu aliyenionea ningeweza kumsamehe. Nimewahi kusamehe watu wa namna hiyo, na inampa mtu sura nzuri. Lakini huyu alikuwa amesema kweli, tena mbele ya fundi. Tangu siku hiyo nikaanza kumtafutia adhabu.

Lazima nieleze mama alikuwa anaifanyia nini njia hiyo. Kila asubuhi alichukua ndoo ndogo ya udaga, ule mhogo mkavu wa kusaga, akaenda mashineni. Unga nyumbani ulikuwa umejaa mpaka kwenye sufuria za kupikia. Hakwenda kusaga. Alikwenda kukaa foleni. Pale mashineni walikutana wanawake wa hapa hapa, na mmoja aliyeolewa kutoka Nyanungu mwenye habari za ng'ombe wa watu wote, na wake za wachimbaji waliotoka Geita na Kahama, na nesi wa zahanati siku ambazo hana zamu, na mwalimu wa kutoka Singida aliyekuja na mtama wake kwa sababu hakuamini wetu. Mama alikuwa anarudi na habari nyingi kuliko redio ninazotengeneza. Kiswahili chake cha ukubwani alikipatia pale, kutoka kwa watu wa mikoa mbalimbali, ndiyo maana anaongea kama ramani ya nchi.

Njia ilipofungwa akajaribu kuzunguka kwa barabara kubwa. Barabara yetu ni nzuri, hilo siwezi kulikataa. Imewekwa taa za sola. Ila haina pembeni. Kuna lami, halafu mtaro, halafu ukuta wa mtu, halafu ukuta wa mtu mwingine. Kila aliyepata kidogo amejenga ukuta, na mwenye duka amegeuza mlango uangalie ndani kwake kwa kuogopa vumbi na wezi. Hakuna kivuli wala jiwe la kukalia, na ukisimama unaonekana unavizia. Siku hiyo lori la kokoto lilimpitia karibu, akashuka mtaroni kulikwepa, udaga ukamwagika. Hakuumia. Aliokota udaga tope na vyote, akarudi, akaitundika ndoo kwenye msumari, akakaa. Hakusema neno. Kwa mama yangu hiyo ni habari mbaya kuliko kuvunjika mguu.

Hapo ndipo nilipoujua uzito wa kosa langu, kwa maana nilianza kushinda naye.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza simu na redio kwenye kibaraza. Kazi inanifuata, mimi siifuati. Mugumu nilifika dada yangu alipoolewa, na nilirudi kabla nyama haijaiva. Wanaume wenzangu wananiita mlinzi wa jikoni, na sijawahi kuona ubaya wake, jikoni ndiko kwenye chakula. Lakini nyumba ya mtu mmoja anayependa kukaa ni pepo, na nyumba ya wawili, mmoja akiwa amelazimishwa, ni kitu kingine. Mama alinitazama nikichomelea waya, akasema mkono wangu unatetemeka. Alihesabu vikombe vyangu vya chai kwa macho.

"Wewe huna rafiki?" aliniuliza siku moja.

"Ninao."

"Wako wapi?"

"Makwao."

"Na mimi wangu wako hapo," akasema, akionyesha ukuta wa jirani kwa kidevu.

Nikamwambia asihofu, huyo bwana nitamkomesha. Nikamweleza jinsi nitakavyomkomesha, asubuhi na mchana, nikila na nikifanya kazi. Kwa kweli nilianza mapema. Nilieneza habari kwamba mashine yake inatia chembe za chuma kwenye unga. Watu waliniitikia vizuri sana na wakaendelea kusaga kwake, kwa kuwa mashine nyingine iko mbali. Niliombea umeme ukatike. Ulipokatika akawasha jenereta, ukabaki umekatika kwangu. Kila alipopita na pikipiki yake mpya nilikohoa, kikohozi maalumu, ambacho yeye alikiitikia kwa "Pole, jirani."

Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara wa mambo ya mchoro. Sikuwa na nia ya kwenda, ila mama alisema kama siendi basi niache kuongea. Aliyeongoza alikuwa afisa mipango miji, dada wa Iringa aliyehamishiwa kwetu, anayevaa mabuti ya mpira hata kiangazi. Hakuanza na ramani. Alianza na maswali.

"Mgeni akifika hapa kwenu, kabla hajapata mwenyeji, anakaa wapi?"

Mzee mmoja akasema, "Baa."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka. "Na asiyekunywa?"

"Aendelee na safari."

"Na mama mzee akichoka njiani?"

"Arudi kwake," kijana wa bodaboda akajibu, na wengine wakaunga mkono.

Dada akasema ametembea mji mzima asubuhi hiyo na ameona nyumba nzuri kuliko za kwao, ila zote zimempa mgongo. Akasema barabara na taa zinaweza kuletwa na serikali, lakini mahali pa mtu kuweka ndoo chini na kupumua hapaletwi, panaachwa na watu wenyewe, kila mmoja akijinyima kidogo. Nilipenda maneno yale. Niliyapenda kwa sababu niliona jinsi ya kuyatumia dhidi ya jirani.

Ikafika zamu ya kuchagua kamati ya wakazi. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, "Tunataka mtu anayepatikana mchana." Wachimbaji wakatazama chini, wakulima wakatazama mbali, kisha macho yote yakanigeukia mimi.

"Huyu anapatikana kweli?" dada akauliza.

"Huyo hata ukimtafuta umkose, huwezi," akajibu mama mmoja muuza nyanya.

Nikachaguliwa kwa sifa hiyo.

Bikoni za zege za kuonyesha mipaka zingewekwa baadaye. Kwanza dada alitaka tumwage majivu ardhini, kila njia ionekane kwa macho na watu waishi nayo siku chache. Majivu yakikosewa, alisema, yanafagiliwa, lakini zege likikosewa watu wanapelekana mahakamani. Kila mjumbe akapewa eneo la karibu na kwake. Nikaenda jikoni, nikakomba majivu yote ya mama, nikaomba na ya jirani wa nyuma, nikaanza kumwaga. Sijawahi kufanya kazi ya mikono kwa furaha kama ile. Nilichora barabara iliyonyooka, yenye upana wa magari kupishana, ikaanzia barabara kubwa, ikapita kwenye uwanja wetu, ikamega kidogo upande wangu kwa adabu, halafu ikaingia kwa jirani bila hodi. Ndani ya ukuta wake nilimalizia kwa kukisia, nikiwa nimepanda kwenye kiti. Ilibeba ukuta, ikabeba stoo ya pumba, ikapita katikati ya choo chake kipya chenye tailizi. Choo hicho alikuwa amewaonyesha watu kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu.

Dada akaja, akatembea juu ya mstari wangu mpaka mwisho, akarudi.

"Kaka, haya majivu yamekasirikia mtu."

"Ni barabara," nikasema. "Maendeleo."

"Inakwenda wapi?"

"Mashineni."

"Magari yanakwenda kusaga nini?"

Wajumbe wakacheka, lakini siyo wote. Vijana wa bodaboda waliipenda barabara yangu, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliipenda zaidi, ingempitishia malori mlangoni. Nikaona nina watu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuwa na watu, na nilikuwa nao kwa ajili ya choo cha jirani.

Dada hakubishana. Akamwendea mama, akamsalimia, "Shikamoo mama," akamwomba achukue ndoo yake na atembee kwenda mashineni kama alivyokuwa akienda zamani, yeye atamwaga majivu nyuma yake. Mama akaitungua ndoo msumarini. Akatoka mlango wa jikoni, akatembea bila kutazama mstari wangu, akafika kwenye tegesha yangu, akasimama pua ikikaribia kugusa tofali. Akagonga kwa kidole.

"Hodi," akasema.

Hapo watu walicheka mpaka mwenyekiti akalazimika kukaa. Mama hakucheka. Akazunguka, jirani akamfungulia geti, akaingia, akaanza tena pale ambapo njia ingetokea upande wa pili. Haikuwa imenyooka. Ilikata kushoto, ikazunguka mwarobaini ulioko nyuma ya mashine, ikatanuka pale kivulini, halafu ndipo ikafika mlangoni. Chini ya mwarobaini akaweka ndoo.

"Kwa nini hukwenda moja kwa moja, mama?"

Mama akajibu kwa Kikurya, mwenyekiti akatafsiri: hapo ndipo wanapoweka ndoo, na mtu mwenye akili hapiti juani wakati kivuli kipo.

Sasa kukawa na mistari miwili. Wa kwangu ulikuwa mpana na umenyooka. Wa mama ulikuwa mwembamba, umepinda, na una tumbo kwenye mwarobaini. Wa mama ulikata ukuta wa jirani kwa upana wa geti dogo tu. Stoo ilipona, na choo kilipona na tailizi zake zote. Upande wangu ulichukua tegesha yote pamoja na kona ya kibaraza ninachofanyia kazi. Dada akaeleza utaratibu: sisi wawili ndio tunaopakana, kamati itafuata tutakachokubaliana. Tukishindwa kukubaliana, utabaki mstari uliopendekezwa na mjumbe. Mjumbe ni mimi.

Jirani akapaaza sauti, ingawa tulikuwa tumesimama naye bega kwa bega. "Wa mama naukubali. Hapa navunja mwenyewe, hata kesho."

Inaniuma mpaka leo alivyokubali haraka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na hoja, nilikuwa nimeshapanga na jinsi ya kumtazama akishindwa. Mtu akikubali unamkomesha vipi? Nikasema hapana. Nikasema mji hauwezi kupindapinda kwa sababu ya mti. Nikasema barabara. Mama aliniangalia kama anavyoangalia redio iliyokwisha betri. Dada akafunga vitu vyake, akasema atarudi tukiwa tumeelewana au tumeshindwa, moja kati ya hayo.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mwenye furaha mbaya. Nilikaa kwenye kibaraza nikiutazama ule mstari ukimwelekea jirani, nikakichungulia choo chake kupitia geti lilipofunguliwa, nikakihesabia pumzi. Nilimweleza mama kila nilichokiona.

Ila vijana wa bodaboda hawakusubiri bikoni. Waliona mstari wa barabara, wakautumia. Walitoka barabara kubwa, wakapita mbele ya jiko letu, wakafika ukutani, wakageuza, wakarudi, wakipiga honi kwa kujifurahisha. Kuku wakahama. Mchana mmoja mama alikuwa ameanika udaga mkekani, akakaa karibu yake kwenye kigoda, na pikipiki ikapita na kona ya mkeka. Kijana akainua mkono kuomba radhi na kuendelea. Mama akaukunja mkeka. Akabeba kigoda chake akaingia nacho ndani, si sebuleni, ni chumbani kwake kwenye dirisha dogo, akakaa humo gizani na jua likiwa utosini.

Nilimsubiri atoke. Hakutoka. Kesho yake akaanzia humo humo.

Nikaukaribia mlango. "Mama, njoo nje, kuna upepo."

"Nje ni kwa magari," akasema.

Nilirudi kwenye kibaraza nikapiga mahesabu yangu upya, na hayakunipendeza. Barabara ingepita. Choo kingevunjwa, nami ningekiona kikivunjwa. Halafu malori ya yule mwenye duka yangepita hapo hapo, mlangoni kwa jiko, na mama angebaki chumbani mpaka siku tutakayomtoa amebebwa. Nilijaribu kwa bidii kuona kama choo kile kinastahili bei hiyo. Nakiri kwamba sikupata jibu upesi kama inavyotakiwa kwa mtoto mwema.

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia majivu yangu. Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta, katikati ya chupa zake.

"Unafagia barabara?"

"Nafagia uwanja wangu."

"Huo wa mama umeuacha."

"Macho yangu hayaoni vizuri."

Akaegemeza mikono kati ya chupa, akanitazama nikifagia. Ilikuwa bora aendelee kupiga kelele. Nikamwambia nimekubali, kwa sharti. Ukuta auvunje yeye mwenyewe kwa mikono yake, bila kibarua, na iwe siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Nilitaka jasho lake lionekane. Alinitazama kama mtu anayenunua ng'ombe mwenye kasoro asiyoiona.

"Na wewe tegesha yako unavunja lini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Siku hiyo hiyo," nikasema.

Siku ya mnada nilibeba kiti changu nikakiweka mahali pazuri, nikajimiminia uji. Watu walikuja, wengine na ng'ombe wao. Jirani akavua shati, akaanza na chupa, zikamkata kidole, na nilipomwona akikinyonya nilisikia uji wangu umeongezeka sukari. Aliomba maji. Nilimpelekea, polepole. Ukuta ule ulijengwa na mtu aliyetaka ukae. Ulimchukua asubuhi yote, na kila tofali lilitoka kwa kugomba. Nikajua sitasahau. Kama mtu ana siku nzuri zilizowekewa jina lake, ile ilikuwa yangu, mpaka ilipofika zamu ya chumba changu.

Nilinyanyua sururu. Muuza nyanya akasema, "Ngoja kwanza, labda kuna mpangaji ndani." Nikapiga mara moja. Ukuta wa mbele ukalala. Wa pembeni ukaufuata wenyewe, bila kuguswa, na bati likashuka taratibu kama mtu anayekaa. Vumbi lilipotulia watu walikuwa bado wanasubiri sherehe ianze. Mzee wa baa akasema amewahi kuona kichuguu kigumu zaidi.

Kwa tofali za ukuta wa jirani wakajenga mabenchi kuzunguka mwarobaini. Dada wa Iringa alirudi akayaelekeza yatazamane, yasiitazame mashine, kwa sababu mtu aliyekaa akiitazama mashine anasubiri, na anayemtazama mwenzake anaongea. Walijaribu na tofali zangu. Mvua ya kwanza iliziyeyusha, wakazitumia kujaza mashimo. Jirani akaongeza bati kutoka kwenye paa la mashine, watu wasinyeshewe, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo, jambo ambalo mimi nililichukulia kama uchokozi.

Pakawa mahali. Sina namna nyingine ya kulisema. Mwalimu wa Singida anasahihisha madaftari pale mtama wake ukisagwa. Mgeni anayeteremka kwenye gari kutafuta ndugu anaelekezwa, "Nenda mashineni ukae, atapatikana." Wake za wachimbaji wanaletewa habari za waume zao pale kabla hazijafika nyumbani. Wote hao wanapita kwenye njia ya mama, kando ya kibaraza changu kilichokatwa kona, na kila mmoja ananisalimia, na mimi ambaye nilichagua kazi ya kukaa ndani ili nisisalimiane na watu sasa naitikia kutwa. Wateja wa simu wameongezeka. Hilo pia nimemwandikia jirani kwenye makosa yake.

Kwa sababu sikumsamehe. Watu wanadhani ukuta ukianguka na kinyongo kinaanguka. Hakuniomba radhi kwa lile neno lake la kwanza, kwamba mimi ndiye niliyeanza, na namna alivyokuwa mwema baada ya hapo ilinizidishia hasira, kwa kuwa kila wema wake ulinipunguzia sababu nikalazimika kutafuta nyingine. Jioni mama akirudi nilimpokea na orodha ya siku hiyo: jirani ameegesha pikipiki upande wetu, pumba zake zimepeperuka mpaka kwenye redio ya mteja, ameniitikia kwa dharau. Mama alikuwa anavua viatu taratibu, ana unga kwenye nyusi, anaitikia "Ee, ee," na kulala mapema. Asubuhi alikuwa ameshaondoka kabla chai yangu haijachemka. Mwanzo alirudi kula mchana. Baadaye akaacha hata kurudi kula.

Siku moja nilipika mwenyewe, ugali wa udaga na sato wa kukaanga, chakula anachokipenda. Nikafunika, nikasubiri. Jua likapita katikati. Nikaona sasa jirani amevuka mpaka. Kunifungia njia ni kitu kimoja, kunichukulia mama ni kingine. Nikavaa viatu na kuishika ile njia, mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu ifunguliwe, nikiwa na maneno tayari mdomoni.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama alikuwa katikati anaeleza jambo kwa mikono miwili, na wote walikuwa wanacheka, nesi alikuwa ameinama anafuta machozi. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona akieleza jambo kwa mikono miwili. Waliponiona, kicheko kikakatika.

"Shemeji, leo umepotea?" muuza nyanya akauliza.

"Mama, chakula kinapoa."

"Nimekula, mwanangu. Rudi ukale."

"Nimepika sato."

"Nitamkuta jioni."

Hakusogea, na wenzake walikuwa wanatazama ndoo zao. Sikuweza kumgombeza mama mbele za watu, kwa hiyo nikamgeukia yule niliyemjia. Alikuwa mlangoni kwa mashine, mweupe kwa unga kuanzia kichwani.

"Jirani," nikasema kwa sauti ya kuishinda injini, "ndoo moja ya udaga inasagwa kutwa nzima? Mama wa watu unamweka huku mpaka jioni, mashine yako ina kazi gani naye?"

Akanyoosha mkono akazima mashine. Pakawa kimya mpaka kuku wakasikika. Alikuwa na nafasi ya kuongea taratibu, lakini hajui kuongea taratibu, akasema kwa sauti yake ile ile, na mama akiwa pale pale, wala hakumkanusha:

"Mama yako haji kusaga, jirani. Anakuja kukukimbia wewe."